Glavu ya Mkono wa Kushoto

Nianze na gari, maana bila gari hili nisingekuwa na cha kulalamikia. Ni gari dogo jeusi, lilishatumika Japani kabla ya kufika kwangu, na siku nilipolipokea hapa Moshi lilikuwa linang'aa kiasi kwamba nilijitazama mlangoni nikarekebisha kitambaa cha kichwa. Wenye akili zao walinionya. Walisema nyeusi haina siri, kila kovu litaonekana, chukua hata la rangi ya fedha. Sikusikia la mtu. Nilitaka jeusi, nikapata jeusi, na sasa nimekoma.

Aliyenikomesha ni baba yangu mzazi.

Kwetu ni Kibosho, mlimani, ila mimi nakaa Soweto, hapa mjini Moshi. Jumamosi nikimaliza shughuli zangu napanda kuwasalimia wazee. Kile kipande cha juu cha barabara, ambacho bado ni udongo, kiangazi kinakupa vumbi jekundu na masika kinakupa tope, kwa hiyo hakuna siku gari langu linafika uani kwa baba likiwa safi. Na kwa baba, gari la mtoto halishuki mlimani likiwa chafu. Hiyo ni sheria. Ni sawa na mkungu wa ndizi kwenye buti. Ukionekana unashuka bila mkungu, majirani watajua hukupewa kitu, na ukionekana unashuka na tope lile lile ulilokuja nalo, watajua hukupokelewa. Watasema alikuja, akala mtori wa ndizi, akaachiwa aende kama mpita njia. Baba hawezi kulala na maneno hayo. Kwa hiyo hata sijamaliza kumwamkia mama jikoni, tayari nasikia ndoo uani.

Ndoo haikuwa tatizo. Tatizo ni alichokuwa anasugulia. Wenzangu wanaoshewa magari kwa sponji, kwa taulo kuukuu, kwa fulana iliyochanika. Baba yangu alikuwa anaosha gari langu kwa majani makavu ya mgomba. Yale yale ambayo mama anayakunja na kuyachovya kwenye majivu ili kusugulia sufuria mpaka zinameta. Majivu hakutia, nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini alikuwa anayakunja vizuri kabisa, anayachovya kwenye maji ya sabuni ya unga, anaanza kwenye boneti kwa kuzungusha, na vumbi lote la Kibosho liko pale pale chini ya majani linasagwa kama mahindi.

Mara ya kwanza nilipolitazama gari juani, mjini, nilidhani nimepatwa na ugonjwa wa macho. Boneti nzima ilikuwa duara ndani ya duara, mistari myembamba kama imechorwa na sindano. Nikapitisha kidole, haikutoka. Nikatia mate, haikutoka. Fundi rangi mmoja akaja, akainama, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba, akauliza gari hili linaoshwa na nani. Nikamwambia ni habari ndefu.

Jumamosi iliyofuata nikamweleza baba, kwa adabu zote, kwamba majani yanakwaruza rangi. Akasogea, akaitazama boneti kwa muda, akasema haoni kitu. Nikamwonyesha. Akasema huo ni mwanga. Nikamwambia mwanga haukwaruzi. Akanijibu kwamba yeye sufuria za mama yangu anaziona kila siku zinasuguliwa hivyo hivyo na hazijalalamika, na kwamba uchafu haubembelezwi. Kisha akachukua ndoo yake. Mzee wangu akishaamua, hata Baba Paroko aje na maji ya baraka, haambiliki.

Mume wangu, ambaye mambo haya anayaona rahisi kwa sababu si baba yake, aliniuliza kwa nini nisimkataze tu. Ni gari lako, akasema, mwambie asiliguse, yaishe.

Nisingeweza, na sababu ilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Baba alipata kiharusi msimu wa kahawa, alianguka kwenye mibuni na chombo cha kuchumia kiunoni. Upande wa kushoto wote ulikufa ganzi. Mguu ulirudi, japo anauburuta. Mdomo ulirudi, na nyinyi mnaomfahamu mnajua ulirudi na nguvu zote. Mkono haukurudi. Vidole vilijikunja kuelekea kiganjani, dole gumba likaingia chini yao, ikawa ngumi. Yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alitukalisha, mama na mimi, akatuambia bila kuzunguka: mkono huu ufunguliwe kila siku, uoshwe ndani, vidole vinyooshwe kimoja kimoja. Msipofanya hivyo utajifunga kabisa, ngozi ya kiganja itaoza, na siku mtakayotaka kuufungua hautafunguka.

Tuliporudi nyumbani, baba aliutia mkono kwenye mfuko wa koti, na huo ukawa mwisho wa kuuona.

Sisemi kwa kutia chumvi. Alikula na koti, alikwenda misa na koti, jua la saa saba alikaa na koti. Kuoga alijifungia mwenyewe, mama akakaa nje ya mlango kwenye kigoda akisikiliza kama ataanguka. Usiku alilala ameelekea ukutani, mkono chini yake. Mama akigusa tu kile kiwiko, baba anasema niache, na anavyosema niache unaacha. Nilijaribu mimi, alijaribu mdogo wangu wa kiume alipokuja kutoka Dar, katekista naye alijaribu kwa maneno ya Biblia. Wote tuliambulia patupu. Siku moja mama alinivuta nyuma ya jiko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkono umeanza kutoa harufu. Akalia kidogo, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akarudi kukoroga chungu. Na mimi nikabaki pale nina hasira ya kupasua kuni kwa meno, maana unafanyaje na mtu mzima anayeacha kiungo chake kioze mfukoni kwa ajili ya aibu?

Na kila kitu kingine tulishamnyang'anya, tena kwa upendo. Panga, tukasema atajikata. Bomba la kupulizia dawa mibuni, tukasema ni zito. Ng'ombe akahamishiwa kwa jirani. Kazi iliyobaki ambayo hakuna aliyethubutu kumwondolea ilikuwa kuosha gari langu, kwa mkono mmoja, nusu ndoo nusu ndoo, mpaka liishe. Sasa hiyo nayo nimkataze? Kwa ajili ya boneti?

Niliwahi kujaribu ujanja. Jumamosi moja nililiacha gari kule kanisani nikapanda kwa bodaboda. Baba alikuwa amekaa barazani na ndoo pembeni, amevaa kandambili za kazi. Akaniuliza gari lina nini. Nikamwambia lipo kwa fundi. Alikaa mchana kutwa akiitazama ile ndoo, na mtori hakumaliza. Niliposhuka jioni nilijiona mshenzi, na zaidi ya hapo bodaboda alinitupa kwenye shimo nikaumia mgongo. Nikaapa sirudii tena.

Kwa hiyo ikawa lazima nitafute kitu cha kuoshea ambacho kitaokoa rangi bila kumnyang'anya mzee kazi yake. Na hapo ndipo nilipompigia mdogo wangu wa Dar, kosa ambalo nimelijutia, kwa sababu yule kijana ana gari kubwa analiosha kwa ibada. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu. Alisema kwanza gari limwagiwe maji bila kuguswa, vumbi la juu lishuke lenyewe. Alisema sponji ni adui, kwa sababu uso wake ni bapa, mchanga unakosa pa kuingia, unabaki katikati ya sponji na rangi ukiburutwa. Kinachotakiwa ni glavu ya manyoya marefu laini, mchanga uzame ndani ya manyoya uiache rangi. Na ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya kupitisha. Uanzie juu ushuke, matairi yawe na kitambaa chao. Na kinachoanguka chini kisirudi kwenye gari mpaka kisuuzwe. Nikamwambia kama unajua yote haya si uje wewe na ndoo zako mbili. Akasema wiki hii amebanwa.

Basi nikaingia mitaani. Mtu akikuambia Moshi hakuna vituko, mpeleke akanunue glavu ya kuoshea gari. Duka la kwanza walinipa glavu ya kufutia vumbi la dashibodi, kavu, wakaniapia kwamba inaosha. Nikaitia kwenye kikopo cha maji mbele yao, ikanywea ikawa kama soksi. Duka la pili walikuwa na ya pande mbili, upande huu manyoya, upande ule wavu mgumu wa kusugulia wadudu walioganda kwenye kioo. Nilimwona baba mbele ya macho yangu akiigeuza upande wa wavu na kusema, hii ndiyo. Nikairudisha. Duka la tatu walinitolea ya ngozi ya kondoo, laini ajabu, mpaka nikaipitisha shavuni. Lakini namjua mama. Kila kinacholowa kwake kinaanikwa juu ya mafiga, na ngozi ya kondoo ikikaa juu ya mafiga Jumapili, Jumatatu ni ya kuwambia ngoma.

Vijana wa kuosha magari barabarani nao hawakunisaidia. Nilisimama nikawatazama wakifanya kazi. Sponji moja, ndoo moja, kutoka tairi la lori kwenda kwenye mlango wa gari la mwalimu, na yale maji yamekuwa mchuzi. Nikauliza kwa upole kama hawana glavu. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mwishowe nilipata moja nzuri. Maikrofaiba ya kijivu, manyoya marefu kama minyoo minene pande zote, ina nafasi ya dole gumba, na mpira unaobana vizuri kwenye kifundo cha mkono. Nikaikamua, nikaikunja, nikaivaa, nikaona hapa sasa nimemaliza. Nikanunua na ndoo ya pili. Jumamosi nikapanda mlima nikiimba.

Baba aliigeuza glavu mara kadhaa akaniuliza ni ya nani, maana alidhani ni ya mtoto. Nikamwambia ni kifaa cha kisasa, watu wa Dar wote wanatumia. Neno Dar lilimchoma kidogo, hakutaka kushindwa na watu wa Dar. Akakubali. Nikamvika mkono wa kulia, ule mzima, mpira ukabana, nikaenda kumsaidia mama kumenya ndizi nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu nilinunue lile gari.

Amani haikudumu. Nilitoka kuangalia, nikamkuta baba amesimama katikati ya ua, povu mpaka kidevuni, anang'ata glavu. Mkono alionao ni mmoja, na ule mmoja nimeufunga ndani ya manyoya. Hawezi kushika ndoo. Hawezi kushika kopo la kumwagia. Hawezi hata kuivua, kwa sababu kuivua nako kunahitaji mkono wa pili, na wa pili uko mfukoni. Alikuwa anavuta kwa meno, anatema sabuni, anavuta tena. Nilikimbia kumsaidia, akanigeuzia mgongo. Alipofanikiwa aliitupa glavu migombani kwa nguvu zake zote, akatoa maneno ya Kichagga ambayo mama aliposikia alifanya ishara ya msalaba, akaingia ndani. Dakika chache baadaye akatoka na majani yake makavu.

Nilishuka siku ile nimenuna mpaka hospitali ya KCMC na majengo yake yote sikuiona. Nilikuwa namkasirikia baba, namkasirikia aliyetengeneza glavu kwa kudhani kila mtu ana mikono miwili, na zaidi najikasirikia mwenyewe. Nilikuwa nimepima glavu kwa rangi ya gari tu. Sikuupima mkono.

Ilinichukua wiki kadhaa kukubali jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho. Mkono wa kulia ni wa kopo na ndoo, hauwezi kuvaa chochote. Kama baba ataosha kwa glavu, basi glavu ivaliwe na mkono wa kushoto. Ule ule. Usioshika, lakini bega lake linasogea, na kiwiko chake kinasogea, na glavu haihitaji kushikwa, inavaliwa tu. Nilipolipata wazo hilo nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya benki, na badala ya kufurahi nilichoka ghafla, kwa sababu nilijua maana yake. Kwanza mkono utoke mfukoni.

Nikarudi madukani. Safari hii nilitaka glavu isiyo na vidole wala dole gumba, pana kama foronya, mdomo mpana, laini pande zote. Muuzaji akaniuliza saizi. Nikakunja ngumi nikamwonyesha. Akaniuliza mzee wangu ni bondia au vipi. Sikuwa na hali ya kutaniwa, nikamwambia nitolee zote ulizonazo, nikazifungua moja baada ya nyingine juu ya kaunta yake nikizitia ngumi, mpaka wateja wengine wakaanza kunizunguka. Nyingi zilikuwa na mpira wa kubana. Moja ilikuwa ya bluu, manyoya marefu, pana kuliko zote, na mpira wake umeshonwa kwa nje. Hiyo nikaichukua. Nyumbani nikakaa na wembe, nikafumua ule mpira wote, nikakata na kile kilebo kigumu cha pembeni, maana kile nacho kinaweza kukwaruza. Mume wangu akaniambia nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia anipishe mwanga.

Jumamosi hiyo baba aliiona glavu tu akasema hapana. Nilimweleza kwamba hii ni ya kushoto. Alinitazama kama nimemtukana hadharani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi nami ikanipanda. Nimevumilia miduara kwenye boneti, nimevumilia kucheka kwa vijana wa barabarani, nimefumua uzi mpaka vidole vimeniuma, na huyu mzee ananifungia mlango? Nikachota maji, ndoo mbili, nikalimwagia gari, nikavaa glavu mwenyewe nikaanza kuosha. Katikati ya ua wa baba yangu, mchana kweupe, na majirani wanatoka kisimani. Mtu yeyote wa kwetu anajua nilichokuwa nafanya. Jirani wa kwanza akapunguza mwendo. Wa pili akasimama kabisa kwenye uzio, akaniuliza mzee hajambo?

Mlango ukafunguka. Baba alivuka ua akiburuta mguu haraka kuliko nilivyowahi kumwona tangu augue.

"Unaniaibisha kwangu," alisema.

Nilivua glavu nikamnyooshea. Sikumjibu, maana nilijua nikifungua mdomo nitalia au nitamtukana, na yote mawili hayafai. Tulisimama hivyo. Jirani alikuwa na busara ya kuendelea na safari yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

Baba akautoa mkono mfukoni.

Nilikuwa nimejiandaa, na bado nilishtuka. Ulikuwa umekonda, mweupe mweupe kama kitu kilichofunikwa na gunia. Kucha zilikuwa ndefu, zimezama kiganjani. Harufu ilinifikia kabla sijausogelea. Aliushika kwa mkono mzima, akajaribu kuusukuma mwenyewe ndani ya glavu, ukagoma, ukakwama kwenye mdomo. Akajaribu tena. Kati ya vidole kulikuwa na vumbi, udongo mkavu, nyuzi za koti, chembe za chakula. Na mimi hasira zilikuwa bado hazijaniisha, kwa hiyo nilimwambia nilichokuwa nimechoka kuambiwa na mdogo wangu, neno kwa neno karibu.

"Baba, huo mkono una mchanga. Ukiingia humo mchanga unaingia nao, na gari langu limekwisha."

Yalinitoka tu. Sikuwa na ujanja wowote, niseme ukweli, nilikuwa nalitetea gari. Nikatamani niyameze. Lakini baba hakufunga tena uso. Aliitazama boneti, akautazama mkono, kama fundi anayepima kazi.

"Basi uoshe," alisema.

Mama alikuwa ameshafika na beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea, sijui aliyapasha saa ngapi. Tukamkalisha baba kwenye benchi. Nilianza kwa kumwagia tu, bila kugusa, mpaka kilicholegea kikashuka chenyewe. Kisha nikaingiza kidole changu chini ya dole gumba, polepole, nikingoja lilegee, nikingoja tena. Baba alipumua kwa pua, akatazama mbali kule migombani. Nilimuuliza kama anaumia, akaniambia nifanye kazi. Kidole cha shahada kilifunguka, cha kati kikafunguka. Ngozi ndani ilikuwa laini na imechubuka, na mahali kucha zilipozama palikuwa na vijidonda vyekundu. Nikaosha, nikafuta, mama akaleta mkasi nikakata kucha zile nilizozifikia. Vidole viwili vya mwisho vilikataa kabisa. Nilivisukuma mpaka baba akakunja uso, nikaogopa, nikaviacha.

Tukamvika glavu. Iliingia yote, ngumi na kila kitu, bila kubana.

Aliosha gari kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuvumilia. Mkono wa kulia ulimwaga maji, wa kushoto ulitambaa, bega likiuvuta. Haukuwa na nguvu ya kukandamiza, ulipita juu ya rangi ukipapasa tu, na povu likasogea mbele yake. Alisahau kusuuza, nikamkumbusha, akaniambia amesikia. Akasahau tena. Alirudia mlango mmoja mara nyingi na kuuruka mwingine. Nilikuwa na mgeni ananisubiri Soweto, simu yangu ilikuwa inalia, na mzee wangu alikuwa anakizunguka kioo cha pembeni kana kwamba tuna mwaka mzima. Nilitaka kumpokonya. Nikazima simu.

Alipomaliza nilimvua glavu. Mkono ulitoka umelowa, umekunjamana kama wa mtu aliyefua kutwa. Niliitia glavu kwenye ndoo ya maji matupu huku nikiutazama mfuko wa koti, nikisubiri mkono urudi humo.

Baba alikwenda kukaa kwenye benchi alipokuwa mama. Aliuinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka juu ya khanga ya mama, kwenye mapaja yake, kiganja juu.

"Vimebaki viwili," alimwambia. "Maji ya moto yapo?"